Muulize Mama Tope: Mistari kwenye udongo wa ziwani

Maswali ya visima na misingi ya nyumba yatasubiri toleo lijalo. Mwezi huu zimefika barua nne zinazogusa jambo moja, kila moja kwa upande wake, nami nimezifupisha kidogo ili zitoshe ukurasani.

*

*Shikamoo Mama Tope. Mimi ni kijana wa Njombe, nafanya kazi ya kuchimba misingi ya majengo hapa Uppsala, Sweden. Juzi tulikata shimo refu, ukuta wake ukatoka na mistari: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, hadi chini. Msimamizi wetu akasema kila jozi ni mwaka mmoja, na kwamba zamani hapo palikuwa chini ya maji. Wenzangu wakacheka. Mimi nikakumbuka udongo wa bondeni kwetu, ambao babu alikuwa akiufyatulia matofali. Ule nao ni mfinyanzi, lakini hauna mstari hata mmoja. Je, msimamizi anatutania?*
*Msomaji, Uppsala*

Marahaba, mwanangu. Hatanii, na hao wenzako waambie waushike kwanza huo udongo ndipo wacheke. Chukua kipande chenye jozi nzima, kiache kikauke kidogo, kisha kivunje kwa kidole. Sehemu nyeupe itapukutika, na ukiitia mdomoni kidogo utaisikia ikikwaruza meno. Sehemu nyeusi haikwaruzi. Inateleza ulimini, na ikikauka inakuwa ngumu kama… basi, ngumu. (Msinishangae. Nimefanya kazi maabara ya udongo wa barabara, na nimeonja udongo mwingi kuliko pilau za harusi.) Ile nyeupe ni unga wa mawe. Ile nyeusi ndiyo mfinyanzi wenyewe, chembe zisizofika upana wa milimita 0.002.

Sasa rudi nyuma takribani miaka 11,000. Hapo unapochimba palikuwa ukingoni mwa bamba la barafu lililokuwa limefunika Skandinavia, na mbele ya barafu hiyo kulikuwa na maji ya kina cha zaidi ya mita 100. Barafu ilikuwa nzito kiasi cha kuididimiza nchi. Ilipoyeyuka nchi ikaanza kuinuka, na mpaka leo inainuka milimita kadhaa kila mwaka. Ndiyo maana tope la kilindini unalichimba leo ukiwa na mabuti makavu.

Barafu nene inaposogea husaga mwamba ulio chini yake. Majira ya joto yalipofika, maji ya kuyeyuka yalitoka chini ya barafu kwa nguvu, yamebeba mchanga, unga wa mawe na mfinyanzi, vyote kwa pamoja. Maji yenye tope ni mazito kuliko maji safi, kwa hiyo mengi yake hayakubaki juu. Yalitambaa sakafuni yakifuata mteremko. Mchanga ukaangukia karibu na mdomo wa mto. Unga wa mawe ukafika mbali zaidi, ukatua siku hiyo au siku chache baadaye. Mfinyanzi ukabaki unaning'inia.

Kwa nini uning'inie? Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Chembe ya unga wa mawe yenye upana wa milimita 0.02, katika maji yaliyotulia yenye joto la kawaida la chumbani, hushuka karibu mita 30 kwa siku. Ipunguze upana mara kumi, yaani ifikie ukubwa wa mfinyanzi, na mwendo wake haupungui mara kumi tu. Unapungua mara mia: sentimita 30 hivi kwa siku. Maji yakiwa ya kukaribia kuganda, inachelewa zaidi. Na hiyo ndiyo chembe kubwa katika ukoo wa mfinyanzi. Wadogo zake huchelewa kuliko hapo, na msukosuko kidogo tu wa maji huwarudisha juu.

Kisha baridi ikaingia. Hakuna kilichoyeyuka, mito ikakatika. Uso wa maji ukaganda, upepo ukakosa pa kushika. Kwa miezi kadhaa hakuna kilichoingia ziwani na hakuna kilichoyatikisa maji. Hapo ndipo mfinyanzi ulipopata nafasi ya kutua, peke yake, juu ya unga uliotangulia. Mwaka uliofuata mito ikafunguka tena.

Ukitaka kumhakikishia mtu, usimwonyeshe rangi. Rangi hudanganya, hasa udongo ukiwa na maji. Mwonyeshe mipaka. Kutoka mweupe kwenda mweusi, ukipanda juu, mabadiliko ni ya polepole, kwa sababu majira ya joto yaliisha polepole na chembe zilizidi kuwa ndogo. Lakini kutoka mweusi kwenda mweupe wa juu yake, mpaka ni mkali, kana kwamba umekatwa kwa wembe. Hiyo ni siku mito ilipofunguka. Ukuta wako ukiwa na mpangilio huo kila jozi, msimamizi ameshinda.

Wala hakuzua yeye. Nchi hiyo hiyo ndiko alikotoka mwanajiolojia Gerard De Geer, aliyeanza kuzichunguza tabaka hizi mwaka 1878 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mwaka 1905 aliwatawanya wanafunzi wa Stockholm na Uppsala kwenye machimbo ya udongo, kwenye mstari wa takribani kilomita 200. Kazi yao ilikuwa kuusafisha ukuta wa udongo, kuuwekea ukanda mrefu wa karatasi, na kupiga alama ya penseli pale kila mwaka unapoishia. Kanda zikaletwa pamoja zikalinganishwa. Kuna miaka minene na miaka myembamba, nayo hufuatana kwa mpangilio usiojirudia, kwa hiyo ukiona mpangilio uleule katika mashimo mawili umejua ni miaka ileile. Na kwa kuwa barafu ilikuwa inarudi nyuma kuelekea kaskazini, tabaka ya kila mwaka ilifika kaskazini zaidi kuliko ya mwaka uliotangulia, zikalaliana kama makuti kwenye paa. De Geer hakupata miaka peke yake. Alipata pia barafu ilirudi mita ngapi kila mwaka.

Kilichobaki kilikuwa kuiunganisha hesabu hiyo na miaka ya kalenda, na hapo akasaidiwa na msiba wa watu wengine. Mwaka 1796 mtu mmoja aitwaye Magnus Huss alikuwa anachimba mfereji wa kupitishia magogo pembeni ya maporomoko ya mto Indalsälven. Juni mafuriko yakaingia mferejini, kingo za mchanga zikabomoka, na Ziwa Ragunda, lenye urefu wa kilomita 25 hivi, likamwagika lote kwa muda wa saa nne tu. Maporomoko yale ni makavu hadi leo. Lakini sakafu ya ziwa ilibaki wazi, na tabaka yake ya mwisho kabisa ina tarehe inayojulikana. De Geer akachimba pale, akahesabu kurudi nyuma. Mwaka 1910 aliwaeleza wanajiolojia wa dunia, waliokutana Stockholm, hesabu ya miaka 12,000, nayo ikachapishwa 1912. Baadaye alitaka kuzilinganisha tabaka za Sweden na za mabara mengine, mwaka kwa mwaka, na hapo wenzake walikataa kumfuata. Naona walikuwa na haki. Jua la Sweden na mvua za bara jingine hazina mkataba wa kunenepa pamoja.

Sasa udongo wa babu. Usidhani haukuwekwa kwa tabaka. Kila mto ulipofurika ulimwaga tope bondeni, na tope hilo lilitua mazito kwanza, mepesi baadaye, kwa kanuni ileile. Ila maji yalipopungua, kiangazi kikaupasua udongo hadi chini, mvua ikasukuma vumbi la juu ndani ya nyufa, mizizi ikapita, minyoo ikala, mchwa ukapandisha na kushusha. Miaka michache tu ya vurugu hiyo inatosha. Kuweka tabaka ni kazi ambayo karibu maji yoyote yanaiweza. Kazi ngumu ni kuziacha zilivyo, na mabonde yetu yana uhai mwingi mno kuweza kuziacha.

Neno la mwisho kwako kwa kuwa unaingia shimoni: katika udongo wa aina hiyo maji hupita kwa ulalo, ndani ya mistari myeupe, upesi kuliko yanavyoweza kushuka chini. Ukiona mstari mweupe umeanza kutoa jasho ukutani, toka nje kwanza, maelezo utampa msimamizi ukiwa juu.

*

*Mama Tope, habari za kazi? Kwetu ni Rombo, jirani na Ziwa Chala. Mwaka 2016 watafiti walikuja na chombo cha kuelea wakachoronga katikati ya ziwa, tukasikia wametoa tope la miaka laki mbili na nusu. Sisi ziwa letu haligandi. Wanahesabu nini? Na mvua zetu ni mbili, masika na vuli. Si kila mwaka watauhesabu mara mbili?*
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Rombo*

Salama, mwanangu, na hilo la mvua mbili ndilo swali bora nililopokea mwezi huu. Wapo watu wazima waliolisahau wakaharibu kazi.

Kwanza mtazame Chala alivyoumbwa. Ni shimo la volkano lenye kingo za kusimama wima, eneo lake kilomita za mraba 4 na kidogo, kina zaidi ya mita 90. Mto wa kudumu hauingii. Maji yake mengi yanatoka chini ya ardhi, ni mvua iliyonyesha Kilimanjaro ikajipenyeza. Kwa hiyo usitegemee unga wa mawe wa Uppsala. Tope la Chala sehemu kubwa limetengenezwa ndani ya ziwa lenyewe.

Kuanzia Juni mpaka Septemba au Oktoba, wakati wa ubaridi na upepo mkavu, maji ya juu hupoa yakawa mazito, upepo ukayachanganya na ya chini yake, na chakula kilichokuwa kimezama kikapanda. Hapo hustawi mwani mdogo sana ambao kila chembe yake hujijengea ganda la kioo. Ukifa, maganda hushuka na kuweka tabaka ya rangi hafifu. Ukipita karibu na Gilgil, Kenya, pale Kariandusi, utaona mlima mzima wa maganda ya aina hiyo, mweupe wa kuumiza macho, uliokuwa sakafu ya ziwa la kale. Miezi mingine, joto likirudi na mvua kunyesha, ziwa hutulia, na kinachotua ni mabaki ya viumbe pamoja na chembe za chokaa; hiyo ni tabaka ya giza. Jozi moja kwa kawaida haizidi sana milimita moja.

Umeona? Anayeigawa miaka ya Chala ni upepo. Mvua zinakuja mara mbili, lakini msimu mrefu wa ubaridi na upepo ni mmoja, kwa hiyo maganda huja kwa wingi mara moja. Lingekuwa ziwa lenye mito mikubwa inayomwaga tope jekundu masika na tena vuli, hofu yako ingekuwa na msingi kabisa, na anayehesabu angelazimika kutafuta kitu kingine cha kumwongoza. Na hata Chala hawakuamini macho peke yake. Tope la juu hupimwa kwa aina ya risasi yenye mionzi, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 22 hivi. La chini zaidi hupimwa kwa kaboni yenye mionzi, ambayo nayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hesabu ya mistari na hesabu ya maabara zikikaribiana ndipo mtu analala usingizi.

Kisha kuna faida ambayo Uppsala haiwezi kukupa. Utafiti uliotolewa 2011 ulionyesha kuwa unene wa jozi za Chala unafuata El Niño. Mvua za 1997 na 1998 wewe hukuziona, waulize wazazi wako. Miaka ya namna hiyo upepo hupungua nguvu, mwani haupati chakula cha kutosha, na tabaka huwa nyembamba. Miaka ya ukame na upepo mkali huwa nene. Kwa hiyo ziwa la nyumbani kwenu ni daftari la upepo, na mchorongo wa 2016 ulishuka zaidi ya mita 200 ndani ya tope hilo.

Lisingedumu hata hivyo kama chini kungekuwa na wakazi. Chini ya Chala hakuna oksijeni. Konokono hawezi kuishi, funza wa tope hawezi, samaki hashuki kufukua. Ndivyo ilivyo pia katika vilindi vya Tanganyika na Nyasa, na huko nako mistari ipo, myeupe ya msimu wa kusi na myeusi ya msimu wa mvua. Nenda Rukwa au Naivasha, maziwa mapana yenye kina kifupi, utakuta upepo unakoroga hadi sakafuni na viboko wanamalizia kilichobaki.

*

*Asalaam aleikum. Naheshimu elimu yako, lakini nina swali. Ninyi mnasema kila mstari ni mwaka. Je, gharika moja kubwa haiwezi kuweka mistari yote kwa mpigo?*
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Swali ni halali, na gharika zinaweka tabaka kweli. Tofauti ni sura yake.

Mafuriko makubwa yakiingia ziwani yanaacha tabaka moja: chini mchanga, katikati unga, juu mfinyanzi, basi. Inaweza kuwa nene kama mkono wako lakini ni safari moja ya kushuka, kutoka chembe kubwa hadi chembe laini, na haina siku ya pili. Kupata jozi elfu moja unahitaji mara elfu moja maji yasimame mpaka mfinyanzi utue, na nimekwisha kueleza juu kwamba mfinyanzi hauna haraka. Maji yaendayo kasi hayawezi kuuweka peke yake hata mara moja.

Wahesabuji nao wanazijua tabaka za matukio na huziondoa kwenye hesabu. Katika tope la Ziwa Nyasa, kwa mfano, yalikutwa majivu ya volkano ya Toba, Sumatra, iliyolipuka miaka 75,000 hivi iliyopita. Ni kiasi kidogo mno, hadubini ndiyo iliyoyaona, na taarifa ilitoka 2013. Tukio moja, alama moja.

Ziwa ambalo ningekupeleka tukipata nauli ni Suigetsu, Japani, mkoa wa Fukui. Lina kina cha mita 34 tu, lakini limejificha kati ya vilima, mto mkubwa hauingii moja kwa moja, na oksijeni haifiki chini. Sakafu yake inazama polepole, kwa hiyo ziwa halijai. Mistari ya huko ni ya miaka 70,000. Ndani ya mistari kuna majani ya miti yaliyoanguka kila mwaka, na majani hayo yalipimwa kaboni moja baada ya jingine. Kadiri unavyoshuka, umri unaongezeka kwa utaratibu, mpaka kaboni yenyewe inapoisha nguvu kwenye miaka 50,000 hivi. Matokeo yalichapishwa 2012, na maabara za dunia nzima huyatumia kurekebisha tarehe zao. Gharika ingeyachanganya majani ya juu na ya chini. Tangu 2018 kuna makumbusho palepale, yenye ukuta wa mita 45 wa tope hilo lililokatwa jembamba hata likapitisha mwanga. Mambo ya imani sitayaamua mimi kwenye ukurasa huu. Nakuambia tope linavyosema.

*

*Shikamoo mama. Nafundisha jiografia Iringa. Nataka wanafunzi waone tabaka zikijitengeneza, lakini sina maabara. Naweza kufanya nini kwa vitu vya dukani?*
*Mwalimu, Iringa*

Marahaba, mwalimu. Tafuta chupa mbili kubwa za maji zilizo angavu, zikate shingo. Changanya kiasi sawa cha mchanga laini na mfinyanzi uliopondwa, ulowanishe kwenye kopo mpaka uwe uji. Jaza chupa zote maji mpaka robo tatu. Ya pili itie vijiko vikubwa viwili vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Kisha mimina kikombe kidogo cha uji kwenye kila chupa, taratibu.

Ile isiyo na chumvi itatua mchanga mara moja na kubaki na maji ya rangi ya chai ya maziwa hadi siku ya pili, pengine ya tatu. Yakianza kuangaza, mimina kikombe kingine. Wiki ikiisha mtakuwa na jozi za kuhesabu. Ile yenye chumvi itawashangaza: chembe za mfinyanzi zitashikamana, zitashuka kwa mafungu pamoja na mchanga, na maji yataangaza kipindi hakijaisha. Mistari yake itakuwa hafifu au hakuna kabisa. Wanafunzi waliowahi kuona ndoo ya maji ya mto ikitiwa shabu wanalijua jambo hili tayari, ni kanuni ileile. Na ndiyo sababu tabaka safi za unga na mfinyanzi ni mali ya maziwa ya maji matamu. Huko huko Sweden kuna kipindi kifupi maji ya chumvi yaliingia mbele ya barafu, na udongo wa miaka ile una mistari iliyofifia.

Chupa ziwekeni mbali na dirisha. Jua likipasha upande mmoja, maji huanza kuzunguka na mfinyanzi haushuki. Na usitumie udongo mwekundu wa shambani: una chuma kingi, chembe zake zimeshikamana tangu zamani, utaangaza hata bila chumvi na somo litapotea. Nunua donge kwa wafinyanzi wa vyungu.